Stesheni ndogo ya mwisho wa reli: uliza kwanza mkaa unashushwa wapi

Haya jamani, tukae. Wale wa nyuma sogeeni kidogo manake leo sina projekta, nina karatasi tu na hivi vibehewa vinne mfukoni, na nataka kila mtu avione.

Nimeombwa niongee kuhusu kupanga stesheni ndogo ya kimodeli, ile ya mwisho wa laini ya tawi, iwe ndogo ya kuenea kwenye ukuta mmoja wa chumba lakini mtu akiitazama asiseme hii ni toi ya mtoto. Wengi wetu hapa tunaiga zile za Uingereza za enzi za mvuke, kwa hiyo mifano yangu yote itatoka huko, na vipimo vyangu ni vya OO, yani skeli ya 1:76 juu ya reli ya upana wa milimita 16.5. Wale wa N, skeli ndogo zaidi, gawanyeni kwa mbili hivi, wale wa O, ile kubwa zaidi, zidisheni kwa 1.75, msiniulize tena baadaye.

Ntaanza na aibu yangu. Meza yangu ya kwanza ilikuwa mita mbili na nusu na niliweka pointi 11, zile sehemu reli moja inapogawanyika kuwa mbili. Kumi na moja! Kila palipobaki nafasi mi nikaona hapa saidingi moja, yani reli ya pembeni ya kuegesha mabehewa, inaenea, na hapa nyingine, alafu nikaweka banda la injini, alafu kibanda cha mizigo, alafu jukwaa la pili ambalo mpaka leo sijui lilikuwa la nani manake kijiji chenyewe nilikipa nyumba sita. Siku ya kwanza naendesha, treni inaingia vizuri, kichwa, yani injini, kinakatwa kutoka kwenye mabehewa, kinasogea mbele kwenda kupita pembeni ili kije kishike upande wa pili, kinafika mwisho kinagusa bafa, kile kizuizi cha mwisho wa reli... na gurudumu la nyuma bado liko juu ya ulimi wa pointi, kile kipande cha reli kinachogeuka. Milimita nane. Nimepima mwenyewe na rula, milimita nane zimekosekana, na pointi haiwezi kugeuka ikiwa na gurudumu juu yake. Kwa hiyo nina stesheni yenye pointi 11 ambayo treni ikishaingia haitoki bila mkono wa Mungu kushuka kutoka juu na kuinua kichwa. Mkono wa Mungu wenyewe ndo huu wangu.

Sasa nilichojifunza, na ndo hicho tu nimekuja nacho, wengi wetu tunaanza kuchora reli wakati tungeanza na kazi. Stesheni ya kweli haikujengwa kwa sababu kuna nafasi imebaki mezani, ilijengwa kwa sababu kuna watu wanataka kitu. Kaa chini na karatasi tupu, usichore hata mstari mmoja, jiulize: hapa kijijini nini kinaingia na nini kinatoka? Mkaa unaingia, huo hauna mjadala, karibu kila nyumba Uingereza wakati ule ilikuwa inachoma mkaa wa mawe. Unaingia kwenye mabehewa ya wazi na mabehewa yanarudi matupu. Chakula cha mifugo na mbolea vinaingia kwenye mabehewa yaliyofunikwa. Ng'ombe wanatoka siku ya mnada. Maziwa yanatoka kila siku kama kuna kiwanda. Vifurushi na magazeti vinakuja na treni ya abiria yenyewe, havihitaji reli yao. Ukishaandika hivyo reli zinajichora zenyewe, na zinakuwa chache mpaka unashangaa.

Kwa nini chache? Hapa naomba nikae kidogo manake watu wanadhani ni ubahili tu. Ubahili upo ndio, kila pointi ina gharama ya kuijenga na ya kuitunza, na pale stesheni pointi za njia kuu zilikuwa zinavutwa kwa mkono kutoka kibanda cha signali, kwa fimbo za chuma zinazotambaa chini pembeni ya reli, kwa hiyo ukiweka pointi kila mahali unamuua yule mzee wa kibandani. Lakini kubwa zaidi ni usalama. Tarehe 12 Juni 1889 karibu na Armagh, Ireland, treni ya matembezi iliyojaa watoto na wazazi wao ilishindwa kupanda mlima, wakaikata vipande viwili, kile cha nyuma kikaanza kurudi chenyewe mteremkoni na kikagongana na treni iliyokuwa inakuja nyuma, watu 80 wakafa. Mwaka huohuo bunge la Uingereza likapitisha sheria: treni za abiria ziwe na breki inayofika kila behewa na ishike yenyewe treni ikikatika, pointi na signali zifungamanishwe ili mtu asiweze kuruhusu treni huku pointi imekaa vibaya, na treni mbili zisiwe kwenye kipande kimoja cha njia.

Mnaona inavyogusa meza yako? Mabehewa ya mizigo yenyewe yaliendelea miaka na miaka bila hiyo breki, yana breki ya mkono tu pembeni, na behewa la breki mkiani lenye gadi ndani. Behewa la mkaa likisahauliwa kufungwa breki linaweza kuteleza likaja njia ya abiria. Ndo maana pale saidingi inapotaka kuungana na njia ya abiria wanaweka pointi ya mtego, kipande cha ulimi ambacho behewa likitoroka linaangushwa pembeni kwenye kokoto kuliko kuachwa liende kuua watu. Kwenye modeli si lazima ifanye kazi, gundi tu vipande viwili vya reli na fimbo yake, ni kazi ya nusu saa, lakini mtu anayejua akiiona anakuheshimu palepale. Na asipoiona anajua pia, hasemi tu. Na hilo behewa la breki, jamani, lipangieni pa kukaa! Treni ya mizigo ikifika, gadi hawezi kuning'inia hewani wakati wenzake wanashanti, yani wanapangapanga mabehewa.

Haya tupime. Hapa ndo nilipoumia kwa hiyo hapa ndo nina uchungu napo. Chukua treni yako ndefu kuliko zote, ile utakayoendesha kweli na sio unayoiota. Yangu ni kichwa kidogo cha tanki, kile kinachobeba maji yake chenyewe, na mabehewa mawili ya abiria. Kichwa ni sentimita 12 na nusu, behewa moja ni kama 25, kwa hiyo mabehewa yote ni 50. Lupu, ile njia ya pembeni ya kupitishia kichwa, lazima imeze mabehewa yote mawili katikati ya sehemu ambazo vitu havigusani, na hapo ndo watu wanakosea, wanapima kutoka pointi hadi pointi. Hapana. Njia mbili zikitoka kwenye pointi zinaanza zimebanana, lazima usogee mbele kama sentimita 10 ndo behewa la huku lisikwaruze kichwa cha kule. Weka vibehewa viwili sambamba, sogeza kimoja polepole kwa kidole mpaka visigusane, weka alama ya penseli. Hiyo alama ndo mwanzo wa lupu yako, sio pointi.

Kwa hiyo hesabu: kipande cha mwisho mbele ya bafa, kichwa 12 na nusu na akiba, sema 18. Pointi ya saizi ya kati kama 22. Sentimita 10 za kusubiri njia ziachane. Lupu yenyewe 60, manake 50 kamili utakuwa unalenga kama mpiga mishale kila ukiegesha. Tena 10, tena 22. Jumla 142. Hapo bado hujatoka stesheni, ongeza 40 mpaka kwenye daraja ambalo treni inapotelea chini yake, umefika mita 1.80 na ushee. Hiyo ndo stesheni ndogo kabisa ya treni ya mabehewa mawili ambayo ntaikubali mimi. Ukiwa na mita 1.60 usilie, punguza treni iwe behewa moja.

Na behewa moja ni halali kabisa! Kampuni ya Great Western walikuwa na treni hizo, kichwa kidogo na behewa moja, ambapo wakati wa kurudi kichwa hakizunguki, kinabaki nyuma kinasukuma, dereva anakwenda kukaa kwenye kijichumba cha mbele cha behewa na anaongoza kwa fimbo zinazopita chini mpaka kwenye injini, mwenzake wa kuchochea moto anabaki na injini yake. Vile vichwa vya magurudumu 0-4-2, yani manne makubwa ya kusukuma na mawili madogo nyuma, vilivyoanza 1932 vilitengenezwa 75 na kazi yao kubwa ilikuwa hiyo. Ukiendesha namna hiyo lupu unaihitaji kwa mizigo tu, nayo inaweza kuwa fupi, na mchana kutwa treni inaingia inatoka bila kugusa pointi hata moja. Kuna watu watasema inachosha. Labda. Mi napenda.

Sasa kuna wanaosema basi ntachukua ramani ya stesheni ya kweli niishushe kama ilivyo. Jaribu uone. Stesheni ya mita 300, ambayo kwa treni ni kitu kidogo sana, kwa skeli yetu ni karibu mita nne. Kona ndo balaa zaidi, njia ya abiria ya kweli kona ya nusu kipenyo cha mita 200 tayari inaitwa kali, na kwetu hiyo ni mita 2.6. Zile reli za kona za kwenye boksi la wanaoanza, za milimita 438, ukizikuza zinakuwa mita 33, hakuna behewa la abiria la kweli lingepita hapo. Kwa hiyo utapunguza tu, hakuna ujanja, swali ni unapunguza nini. Mi nasema punguza idadi ya vitu, usipunguze nafasi kati ya vitu. Toa saidingi nzima, lakini zile zilizobaki ziache zipumue. Na kona kali, kama huwezi kuikwepa, iweke baada ya daraja ambapo haionekani. Pointi za kiwandani zile fupi kabisa zipeleke kwenye uwanja wa mizigo, njia ya abiria ipewe za kati au ndefu, jicho linaona tofauti hata kama mwenye jicho hajui ameona nini.

Anayetaka wa kuiga aanze na Ashburton, pale Devon. Ilifunguliwa 1872, jukwaa moja tu lililofunikwa na paa pamoja na reli yake, ghala la mizigo, banda la injini, na ng'ombe wa minada. Imeigwa na wanamodeli wengi sana na ukiitazama unajua kwa nini, kila kitu kipo na hakuna kilichozidi. Abiria waliacha kuipanda Novemba 1958, mizigo ikaisha 1962. Nalisema hilo kwa sababu kila mtu akizungumzia tawi lililokufa anamlaumu Dkt. Beeching, aliyekuwa mkuu wa shirika la reli la Uingereza, na ni kweli ripoti yake ya 1963 ilitaka stesheni 2,363 zifungwe, lakini Ashburton ilikuwa imeshazikwa kabla. Malori na mabasi yalifika kabla ya daktari.

Mwingine Hemyock, hukohuko Devon, tangu 1876. Huu ndo mimi naupenda kuliko Ashburton, msiniambie. Njia ilijengwa kwa bei rahisi, inajipindapinda na mto, treni inakwenda polepole kiasi kwamba dainamo za kuwasha taa za umeme kwenye mabehewa hazipati kasi ya kutosha, kwa hiyo waliendelea kutumia mabehewa ya zamani yenye taa za gesi wakati kwingine yameshatupwa. Abiria waliisha 1963 lakini kiwanda cha maziwa kikaibeba reli mpaka 1975. Kiwanda kimoja! Hapo unaona nilichosema mwanzo, mzigo mmoja wa uhakika unaweza kulisha stesheni nzima, na wewe mezani unahitaji tenki moja au mawili ya maziwa na sababu ya kuyachukua kila jioni.

Tuje uwanja wa mizigo, na hapa nataka kuonyesha kosa ambalo nimeliona kwenye meza nzuri sana za watu wanaonizidi. Hii hapa karatasi, hizi saidingi mbili zimekaa sambamba, katikati kuna sentimita tano. Nzuri eti? Haya, hili ni behewa la mkaa, liko hapa kwenye saidingi ya ndani. Mkaa unashukaje? Behewa la tani 10 linashushwa na mtu mwenye koleo, anafungua mlango wa pembeni, anajaza magunia, anapima, anapakia kwenye mkokoteni wa farasi. Mkokoteni uko wapi? Hapa? Hapa kuna behewa lingine. Farasi atageukia wapi? Hana pa kugeukia, tumemfungia katikati ya reli maisha yake yote. Uwanja wa kweli ulikuwa mpana kwa sababu ya farasi na baadae lori, sio kwa sababu ya treni. Kwa hiyo barabara ichore mapema, kutoka geti mpaka kila mahali mzigo unaposhukia, na hakikisha inafika ghala, inafika kwenye mkaa, inafika kwenye zizi la ng'ombe. Mkaa na abiria pia usiwakaribishe, hakuna mama aliyevaa nguo ya kanisani anataka kusubiri treni kwenye vumbi la koleo.

Nyuma ya pazia. Reli zilizofichwa baada ya daraja, pale treni "inapotoka mjini". Kwa kifupi: lazima ziwe na urefu wa treni nzima pamoja na kichwa, kwangu 63 na akiba ni 75, na ziwe angalau tatu, ya abiria, ya mizigo na moja tupu. Pointi zikikula nafasi tengeneza ubao unaoteleza kushoto kulia, reli tatu juu yake, unausukuma kwa mkono. Usikubali stesheni ikule nafasi ya nyuma ya pazia, ukikosa pa kuihifadhi treni basi huna treni, una pambo.

Umeme siongei sana, kichwa kimoja kinatembea kwa wakati mmoja kama ilivyokuwa kwenye matawi mengi ya kweli, dereva anabeba fimbo ya ruhusa na fimbo ni moja tu, asiye nayo haingii. Waya mbili tatu na swichi, inatosha.

Alafu kabla hujanunua pointi hata moja, hii ndo kazi ya karatasi. Chapisha pointi kwa saizi yake halisi, kata, panga sakafuni au mezani kwa gundi ya karatasi, alafu chukua mabehewa uliyonayo na usukume kwa kidole. Sukuma treni nzima ya asubuhi mpaka usiku. Utajisikia mjinga, funga mlango. Mi kwa karatasi ya dakika kumi ningeziona zile milimita nane zangu.

Na anayeogopa kwamba pointi chache zitamchosha, amsikilize Alan Wright, Mwingereza aliyebuni Inglenook Sidings, mchezo wa kupanga mabehewa. Saidingi tatu, moja inabeba mabehewa 5, mbili zinabeba 3 kila moja, na shingo, ile reli fupi ya kuvutia mabehewa, inabeba kichwa na mabehewa 3. Pointi ni mbili tu. Una mabehewa 8, unachomoa karatasi kofiani, kila moja ina behewa lake, lazima uunde treni ya mabehewa 5 kwa mpangilio uliotoka kofiani. Piga hesabu, 8 mara 7 mara 6 mara 5 mara 4, ni mipangilio 6,720. Ukiicheza mmoja kila jioni inakupeleka miaka 18. Kwa hiyo yangu ya sasa ina pointi nne, mbili za lupu na mbili za mizigo. Ya tano niliing'oa mwezi uliopita, ilikuwa ya banda la injini.

Kuna mkono kule. Ee, kwa nini niliing'oa. Kwa sababu nilijiuliza treni ya kwanza ya asubuhi inaanzia wapi. Kama inaanzia hapa mwisho wa tawi, kichwa lazima kilale hapa, basi banda lipo, na mkaa wake, na maji yake, na watu wake wa kuamka saa tisa usiku kuwasha moto. Kama inakuja kutoka kwenye makutano kule chini basi kichwa kinalala kule, na huku banda la nini? Ratiba yangu inaanzia kule. Nikaling'oa, pakabaki majani na alama nyeusi ya lilipokuwa, kwamba zamani lilikuwepo. Hata hiyo ni historia ya kweli, mabanda mengi madogo yalifungwa kabla ya reli yenyewe.

Haya sogeeni sasa, karatasi hii hapa mezani. Vya mkaa ni hivi viwili, hiki cha ng'ombe, na hili la breki ndo la mwisho mkiani. Treni inaingia kutoka upande huu wa daraja, ng'ombe wanatakiwa watoke na treni hiihii na kuna behewa tupu la jana limekaa kwenye nafasi ya mkaa. Nani anasukuma?